Nishani Isiyo na Jina

Iko namna moja ya uandishi ambayo sisi wapenzi wa tungo hatujaihesabu kuwa uandishi, nayo ni orodha ya mnada wa nishani. Huchapishwa kwa Kijerumani, na mara nyingine kwa Kiingereza, juu ya karatasi nzuri yenye picha za rangi. Na wasomaji wake ni watu wenye nafasi, wakusanyao nishani za kale za wafalme wa Prussia, Bavaria na Saxony, na za majeshi ya Kaisari. Kila kitu humo hupewa namba. Kisha huja maelezo mafupi, yaliyobanwa kama mshororo wenye mizani: madini gani, gramu ngapi, mhuri wa sonara upo ubavuni au haupo, utepe ni wa asili au umebadilishwa, rangi imepata ufa au i salama. Halafu, ikiwa bahati ipo, huja jina la aliyevishwa nishani ile, na pamoja na jina, karatasi ya kulithibitisha. Hicho ndicho kituo cha ubeti. Jina likiwapo, bei hupanda. Lisipokuwapo, kilichobaki ni madini.

Nimezisoma orodha hizo kwa miaka mingi, kama mtu asomavyo diwani asiyoweza kuinunua. Kijerumani nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na kwa ukaidi, nikitaka kufasiri mashairi. Na nilipokwama katika msamiati wa vyeo na heshima, ambao umejaa tele katika tungo zao za karne ya 19, rafiki mmoja alinipa rundo la orodha kuukuu za mnada, akasema maneno yote nitayakuta humo. Alisema kweli. Nilikuta na jambo jingine ambalo hakuniambia. Kila ilipotajwa Afrika ya Mashariki, kila zilipotajwa Tanga, Mahenge au Bismarckburg, majina yalikuwa ya upande mmoja. Nataka kulisoma jambo hilo hapa kama tusomavyo shairi: nani asemaye, nani asemwaye, na neno gani limeachwa nje ili mizani itimie.

Tuanze na neno lenyewe. Nishani tumelitwaa kutoka Kiajemi, na asili yake ni alama. Kiswahili hulitumia kwa karibu kila kinachong'aa kifuani pa mtu, awe mfalme au mkimbiaji wa mbio za nyika. Kijerumani hakifanyi hivyo. Kwao Orden ni jambo moja, na Medaille ni jambo jingine. Orden, kabla ya kuwa kitu cha kuvaliwa, ni jamaa ya watu: neno hilo hilo wanalitumia kwa mashirika ya watawa wa Kikatoliki, na hilo hilo wanalitumia wanapoandika juu ya tarika zetu, Kadiria na Shadhilia. Kwa hiyo mtu avishwaye Tai Mwekundu, nishani iliyoingizwa katika ufalme wa Prussia mwaka 1792, hapewi kitu tu. Hutiwa katika jamaa yenye daraja zake, na kile kinachong'aa ni alama ya kuingia kwake. Medali si hivyo. Medali ni ujira wa heshima: mtu hupewa kwa alichokitenda, akabaki nje ya mlango.

Msomaji akiishika tofauti hii, ameushika ufunguo. Askari Mwafrika katika jeshi la Wadachi, hata ushujaa wake ukimzidi ofisa wake, alikuwa mtu wa medali. Iliyotumiwa kwa ajili yake, tangu miaka ya 1890, ni ile iitwayo Kriegerverdienstmedaille. Kuifasiri kwaonekana rahisi: Medali ya Ustahiki wa Mpiganaji. Lakini Krieger si sawa na Soldat. Soldat ni mwanajeshi, mtu wa daftari, sare na mshahara. Krieger ni mpiganaji wa masimulizi, aliye karibu zaidi na ngoma kuliko na kambi. Ni kweli kwamba Wajerumani wenyewe hulitumia neno hilo kwa wafu wao, katika minara ya kumbukumbu, na hapo lina utukufu wake. Medali hii, hata hivyo, haikutengenezwa kwa ajili yao. Ilikuwa ya wageni, na Mwafrika aliyeapa kwa bendera yao alihesabiwa katika wageni hao.

Upande wa pili wa ngazi ilikuwako Pour le Mérite. Friedrich wa Pili aliianzisha mwaka 1740 na kuipa jina la Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya barazani pake. Ikawa heshima kubwa kuliko zote za kivita za Wajerumani huzungumza lugha ya hasimu wao. Kwa mshairi lina jambo hili la kuvutia: mwaka 1842 iliongezwa tabaka ya raia, kwa wanazuoni na wasanii, nayo ipo hadi leo, ile ya kijeshi ilikoma pamoja na Kaisari mwaka 1918. Na mtu wa mwisho aliyekuwa hai akiwa ameivaa ile ya kijeshi alikuwa mwandishi, Ernst Jünger, aliyefariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 102. Mimi nimejaribu kulifasiri jina hilo mara nyingi. "Kwa Ustahiki" ni sahihi na ni baridi. "Kwa Aliyestahiki" lina joto zaidi, ila linaleta mtu ndani ya maneno, na maneno yenyewe ya Kifaransa hayamtaji mtu yeyote.

Wala tusijitoe sisi wa visiwani katika habari hii. Sayyid Barghash naye alianzisha nishani yake, Nyota Ing'arayo ya Zanzibar, yenye daraja kama za Ulaya, ikagawiwa kwa wageni, wakiwamo maofisa wa manowari za Kijerumani. Ndiyo maana leo, katika kisanduku kimoja cha mahameli mbele ya mnunuzi, nyota yetu hulala ubavuni pa Tai Mwekundu. Nishani zetu na zao zilisalimiana vizuri kuliko watu.

Sasa tuondoke pwani. Mazoea yetu wasomaji wa pwani ni kuisoma habari ya Wadachi kana kwamba ilianzia Bagamoyo ikaishia Tanga, ilhali vita vya mwisho vya jeshi lile havikuishia penye bahari. Vilimalizikia mlangoni mwa Ufipa. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya juu, ya nyasi na upepo, iliyokaa baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkubwa leo ni Sumbawanga, chini ya milima ya Mbizi, mji ambao wenyeji hulifasiri jina lake kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Zamani palikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wadachi waliposhika nchi hawakuweka boma lao uwandani. Waliliweka ziwani, Kasanga, wakapaita Bismarckburg, na Ufipa ikatawaliwa kutoka pale. Waingereza waliliteka boma hilo Juni 1916.

Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wadachi, alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Abercorn ndiyo Mbala ya leo, nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,168, na nyuma yao wapagazi waliobaki. Kwa kuwaheshimu, Waingereza waliwaachia Wajerumani silaha zao binafsi. Askari waliweka bunduki zao chini. Kisha wote wakashushwa hadi Kasanga, kwenye lile lile lililokuwa boma lao, wakapandishwa vyombo vya ziwani kwenda Kigoma, na kutoka hapo kwa gari la moshi. Wajerumani walifika kwao, na mwanzoni mwa Machi 1919 jemadari akapita na maofisa wake katika lango la Brandenburg mjini Berlin huku watu wakishangilia. Kifuani alikuwa na Pour le Mérite aliyotunukiwa mwaka 1916, yenye majani ya mwaloni aliyoongezewa Oktoba 1917. Askari wengi walikuwa wamepewa karatasi iliyoandikwa kwamba wanadai mishahara yao.

Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa jicho la mhakiki. Mmoja amepewa madini na mwingine karatasi. Madini yana mnada. Karatasi ya deni, ikiisha kuliwa na mchwa, haina mnada.

Kuna kinaya kingine Ufipa, nacho ni cha chuma. Msalaba wa Chuma wa Prussia ulianzishwa mwaka 1813, katika vita vya kumpinga Napoleon, na kwa makusudi uliumbwa kwa chuma cheusi kilichozungushiwa ukingo wa fedha, ili uwe ishara ya taifa lililoacha anasa; wanawake wa Prussia mwaka ule walitoa dhahabu zao wakapewa vidani vya chuma. Wakusanyaji wa leo huushika karibu na sumaku kujua kama kiini chake ni chuma kweli, maana nakala ni nyingi kuliko asili. Basi jeshi lenye msalaba huo lilifika kutawala watu ambao heshima ya chuma hawakufundishwa na yeyote. Wafipa walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yasiyohitaji mivukuto, yakivuta upepo wenyewe kwa matundu ya chini. Kilichotoka humo kilitakaswa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa. Jembe lililopatikana lilikuwa mali, na lilitolewa mahari. Mabaki ya matanuru hayo yangaliko uwandani, na wanaakiolojia, miongoni mwao Bertram Mapunda, wameyaandikia kwa kirefu. Kazi yenyewe ilififia katika karne ya 20, chini ya wakoloni na majembe yao ya dukani. Sijui kama ofisa yeyote wa Bismarckburg aliyevaa msalaba wake aliwahi kusimama mbele ya tanuru la Kifipa akawaza; ningekuwa mtunzi wa riwaya ningemsimamisha hapo.

Nilikwenda Sumbawanga kwa basi, kutoka Mbeya kupitia Tunduma na Laela, kwa shughuli nyingine kabisa. Mahali kama pale mtu akijulikana kuwa asoma Kijerumani hapati raha: huletewa habari za mali za Wajerumani zilizofukiwa, za sanduku lililo chini ya mbuyu, za ramani. Nilijifunza kutabasamu na kunywa chai. Lakini siku moja nilipelekwa kwa mzee mmoja, mtu wa makamo ya baba yangu, aliyekuwa na nishani iliyofungwa katika kitambaa ndani ya kopo la maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hii ni ya Mjerumani. Babu yangu aliipata vitani."

Nilipoigeuza niliona kichwa cha mfalme George wa Tano, na nyuma yake mpanda farasi aliye uchi, farasi wake akikanyaga ngao yenye tai. Tai yule ni Prussia. Ilikuwa medali ya Waingereza ya vita vya 1914 hadi 1918, ya fedha, waliyowapa mamilioni ya watu wao. Babu alikuwa amepigana upande wa pili, na baadaye kuhamia Ufipa kwa ndoa. Nikamweleza mzee hivyo, kwa adabu.

"Basi ni yule yule," akasema. "Ukuta mmoja, milango miwili."

Mkusanyaji wa nishani za Kijerumani angeifunga tena katika kitambaa, maana medali ile haina thamani kubwa. Mimi niligeuza ubavu wake kwenye mwanga. Waingereza walikuwa na desturi ambayo Wajerumani hawakuwa nayo: walichapa ubavuni mwa medali namba ya askari, cheo na jina lake. Mzee aliniomba nisome. Namba ilisomeka. Jina lilikuwa limeandikwa na karani aliyelisikia kwa sikio la Kiingereza, irabu moja imeliwa na konsonanti moja imezidi, hivi kwamba mzee alinirudisha mara tatu kabla ya kulitambua. Kisha akacheka na kulitamka sawasawa, na wajukuu waliokuwa mlangoni wakalirudia.

Sisemi hayo kuwasifu Waingereza. Jina walilichapa kwa ajili ya daftari lao. Nasema kwamba medali ya Kijerumani haikuwa na jina. Jina lake lilikaa katika karatasi iliyokwenda pamoja nayo. Ofisa alirudi Ulaya, akaiweka karatasi yake katika mtoto wa meza, wajukuu wakaiuza pamoja na nishani, na orodha ya mnada ikaandika: jina, cheo, mwaka. Askari aliyeipata Kriegerverdienstmedaille akaiweka karatasi, kama alipewa, katika nyumba ya makuti au ya nyasi, katika nchi yenye mvua za masika na mchwa. Medali yake ikisalimika, ikanunuliwa na mfanyabiashara, ikafika München, huandikwa hivi: fedha, kitanzi kimetengenezwa upya, utepe umebadilishwa. Ni ubeti usio na kituo. Kuna Medali ya Makoloni pia, aliyoianzisha Kaisari mwaka 1912, ambayo utepe wake huvishwa vipande vyembamba vya madini vyenye jina la nchi na mwaka wa vita. Na wakusanyaji huvipenda mno vipande hivyo. Kimojawapo kimeandikwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na miaka 1905/07. Huo ndio Maji Maji. Wameweza kuuandika katika nafasi isiyozidi upana wa vidole viwili, na hakuna herufi hata moja humo ya kumtaja aliyeuawa.

Ushairi wetu ulifanya nini? Kwa upande mmoja ulifanya vyema kuliko madini. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima, aliwataja watu kwa majina yao, wa upande huu na wa upande ule, na utenzi ukawa kama ubavu wa medali uliochapwa vizuri. Abdul Karim bin Jamaliddini akafanya kazi ya jinsi hiyo kwa Maji Maji. Kwa upande wa pili, wapo watunzi wa zama zile waliomsifu Kaisari na magavana wake, kwa bahari zile zile na vina vile vile tulivyowasifia masultani. Tungo za jinsi zote mbili zimekusanywa katika Kala Shairi, kitabu kilichohaririwa na Gudrun Miehe, Katrin Bromber, Said Khamis na Ralf Großerhode, kikatoka Köln mwaka 2002. Wako wasomaji waliokerwa kukuta sifa hizo zimechapwa. Mimi siko pamoja nao. Shairi la sifa nalo ni nishani: linamng'arisha anayevaa, na halisemi neno juu ya aliyelifua. Afadhali tuyaone yote kisandukuni pamoja.

Ninalolilaumu ni jingine. Tungo hizi zina pwani, zina Kilwa na Pangani na Lindi, zina mnyama na gunia; zikipanda bara, zinapanda na msafara na kurudi nao. Uwanda wa Ufipa, ambako jeshi la Wadachi liliishia, haumo katika masikio yetu. Vita vya 1914 vimepata nyimbo za kijeshi, tena hata Wajerumani wakatwaa neno letu safari wakalitia katika nyimbo zao na katika jina la kitabu cha von Lettow cha mwaka 1920 kwa vijana wa kwao, Heia Safari!; lakini hatujapata utenzi wa vita hivyo wenye kimo cha kazi ya Hemedi. Na wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi katika majeshi yote mawili, hawana medali, hawana karatasi, wala hawana ubeti.

Aliyekaribia kulijaza pengo hilo ameandika kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja na mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020 ameweka mbele yetu askari wawili. Hamza ni mmoja. Ofisa wake humfundisha Kijerumani, na kilichomfikia mikononi kutoka kwa ofisa yule si nishani bali kitabu, mkusanyo wa mashairi aliouhariri Schiller. Alama ya vita ameibeba nyongani, jeraha la upanga alilopigwa na mwenzake wa Kijerumani, si adui. Hapo Gurnah ameona sawasawa: nishani ya askari ni kovu, nalo limechapwa jina la mtu kwa kuwa haliwezi kuvaliwa na mwingine. Wengine wamesema Hamza ni mpole kupita kiasi, kwamba riwaya ilihitaji hasira. Naona hasira imo, ila imewekwa mahali pengine, katika habari ya Ilyas.

Ilyas alikwenda vitani na hakurudi, na kurasa za mwisho za kitabu zinatuambia kwa lugha kavu ya makaratasi yaliyopekuliwa kwamba alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Anayeijua habari ya Bayume Mohamed Husen ataona mfano Gurnah alioufuata. Husen, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari; akaingia jeshini mtoto pamoja na baba yake, akajeruhiwa Mahiwa mwezi ule ule wa Oktoba 1917 ambao jemadari wake aliongezewa majani ya mwaloni. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Alijibiwa kwamba amechelewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawani, msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, mchezaji wa filamu.

Julai 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia kwa kila aliyepigana. Husen akaomba wake. Ombi likakataliwa. Hata hivyo alionekana ameivaa alama ile pamoja na sare ya askari katika mikutano ya waliotaka makoloni yarudishwe, na inaaminika aliinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya kijeshi, kama wanunuavyo wakusanyaji. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke mzungu, akapelekwa Sachsenhausen, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst ameandika maisha yake, na tangu 2007 lipo jiwe dogo katika lami ya Berlin, mbele ya mahali alipoishi, lenye bamba la shaba ya manjano na jina lake.

Si rahisi kumpenda Husen katika habari hii yote. Aliimba na waliotaka kututawala tena. Lakini mshairi hana budi kukaa na ile nishani ya kununua. Msalaba ule ulikuwa wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Waliopewa ni zaidi ya watu milioni saba. Katika orodha za mnada ndio wa bei ya chini kabisa, hutupwa kwa mafungu, kumi kwa pamoja, kama vifungo. Kitu kile ambacho Ujerumani ilikigawa kama peremende, haikuona kimoja cha kumpa mtoto wa Dar es Salaam aliyepigwa risasi kwa ajili yake. Naye akalipa kwa fedha yake apate kuonekana anadaiwa shukrani.

Kuna hadithi Wazungu waipendayo, aliyoiandika Charles Miller katika kitabu chake juu ya vita hivi, nayo ni kwamba mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari waliosalia, wazee walikusanyika Mwanza, wachache mno wakiwa na karatasi za jemadari. Mjerumani aliyeleta fedha akamshikisha kila mmoja ufagio, akatoa amri kwa Kijerumani, na kila mzee akazitimiza harakati za bunduki bila kukosea. Husimuliwa kuonyesha utiifu. Kila niisomapo huona jambo jingine: wazee wenye miaka sabini, walioambiwa wathibitishe kwa viungo vyao deni la miaka arobaini na sita, kwa sababu mwenye deni hakuandika majina yao mahali pasipoliwa na mchwa. Mtunzi atakayeitia habari hiyo katika utenzi ningemwomba auache ufagio kama ulivyo, wala asiubadilishe kuwa bunduki.